Mwambie Mama Yako

Mji wetu uliwahi kuwa na jina. Likafutika kwenye kibao cha njia kuu, na kwa kuwa hakuna mgeni aliyeuliza, hakuna aliyeliandika upya. Ni mji ambamo saa nne ya asubuhi inaweza kukaa siku tatu bila kusogea, watu wakaendelea kunywa chai ileile na kusoma ukurasa uleule wa gazeti, halafu miaka mitano ikapita kati ya kuvaa kiatu cha kulia na kuvaa cha kushoto. Hatuoni ajabu. Mtu aliyezaliwa ndani ya jambo halishangai. Mimi nilizaliwa humu, nikaoa humu, nikapata humu mtoto mmoja wa kike, na humu ndimo lilimonishika swali ambalo halijaniachia mpaka leo: mtoto akishazaliwa, mwili ule ni wa nani?

Naitwa Hafidhi. Kwa miaka mingi nilikuwa mkaguzi wa mizani. Nilitembea duka hadi duka na sanduku la mawe ya shaba, nikiyapanga kwenye sahani za wauza mchele na sukari na kuwaambia, hii inadanganya, hii inasema kweli. Nilikuwa naweza kushika papai sokoni nikakutajia uzito wake, na ukilipima unakuta sijakosea. Nalisema hili mapema ili ijulikane anayezungumza ni nani. Anayezungumza ni mtu aliyejua uzito wa kila kitu katika mji ule, na ambaye binti yake alipungua mbele ya macho yake kwa miezi kumi na moja asimwone.

Mke wangu, Zeyana, aliacha kusema nami siku ya tatu ya msiba wa mama yake. Mama mkwe alikuwa amepigwa na kiharusi, akalala katika chumba chetu cha mbele kwa miaka minne. Zeyana alimgeuza, alimwosha, alimnywesha uji kijiko kwa kijiko, akipangusa kila kilichorudi. Mimi nilisaidia nilipoweza, yaani mara chache. Siku hiyo ya tatu nilikuwa nimekaa barazani na rafiki yangu mmoja, amechoka, nimechoka, na bila kufikiri nikamwambia: "Sasa angalau tutapumua."

Zeyana alikuwa nyuma ya pazia, ameshika sinia la kahawa. Sinia halikuanguka. Laiti lingeanguka, ningegeuka, ningemwona uso, pengine tungegombana hapohapo yakaisha. Aliliweka chini taratibu akarudi ndani, na tangu hapo hakunisemesha.

Ningeweza kumwomba radhi jioni ile. Ningeweza kesho yake. Lakini nilijiambia sikusema neno baya, nilisema neno la mtu aliyechoka, na kama limemuudhi basi aniulize nilikuwa na maana gani. Yeye naye alikuwa akingoja nimweleze bila kuulizwa. Tukangojana. Ilipita miaka saba, au ilikuwa siku moja ndefu iliyogeuka upande mara saba kama mgonjwa kitandani. Sijui. Najua tu kwamba siku ile mtoto wetu Shuwena alikuwa na miaka minane, na tulipozinduka alikuwa na kumi na mitano.

Nakumbuka mara ya kwanza. Ilikuwa mchana, nimekaa mezani, na Zeyana yuko mbele yangu, ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Akamtazama mtoto.

"Shuwena, mwambie baba yako chakula tayari."

Shuwena alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akacheka. Alidhani ni mchezo.

"Baba, mama anasema chakula tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia."

"Mama, baba anasema amesikia." Akacheka tena, akasubiri nasi tucheke. Hatukucheka. Nikaona kicheko kikimtoka usoni polepole, na mahali pake pakaingia kitu kingine, uangalifu fulani wa mtu mzima aliyekabidhiwa kazi.

Akawa hodari. Sisemi hivi kwa kujivunia. Alijua amfuate nani kwanza na asimame wapi ili asionekane ameegemea upande. Nilikuwa nikikohoa tu, anatokea. Zeyana alikuwa akigusa sufuria kwa kijiko mara moja, anakwenda. Na meza yetu, nasema nilichokiona, ilikuwa ikirefuka. Hatukuwahi kumwita seremala, lakini kila mwaka ncha yangu na ncha ya mke wangu zilizidi kuachana, hata ikawa mtoto anayekaa katikati hutembea hatua saba kuja kwangu na saba kurudi, sahani yake ikipoa. Nilidhani ndivyo meza zinavyozeeka.

Jambo lenyewe lilianza na Ramadhani. Alikuwa na miaka kumi na minne, amefunga mwezi mzima bila kukosa hata siku moja, nasi tukamsifu. Mwezi ukaandama, watu wakala Idi, yeye akasema anaendelea na sita za Shawwal. Tukamsifu zaidi. Sita zikaisha, akaingia kwenye Jumatatu na Alhamisi, halafu Jumatatu na Alhamisi zikazaa siku nyingine, mpaka ikawa hatujui tena ni siku gani hakufunga.

"Mwambie baba yako mtoto wake amewashinda watu wazima," Zeyana alisema siku moja, na nikasikia fahari katika sauti ambayo haikuwa yangu kuisikia.

"Mwambie mama yako amelelewa vizuri."

Naona aibu kulikumbuka hilo. Katika miaka saba lilikuwa neno zuri kuliko yote nililopata kumtumia mke wangu, na nilimtumia kwa sababu binti yetu hali.

Kisha akaanza kupika. Alipika kuliko mama yake: katlesi, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, biriani ya siku isiyo na sherehe. Alituwekea sahani zilizojaa hadi ukingoni, akakaa katikati ya meza ile ndefu akitutazama tunavyotafuna, akiuliza, "Iko sawa? Ongeza, baba. Mama, hujala." Alikuwa amevaa sweta kwenye joto ambalo liliyeyusha mishumaa kabatini. Majirani walisema amepungua, anapendeza, ameanza kuwa mwali. Mikono yake iliota vinyweleo laini, kama vya mtoto mchanga. Kuna nyakati nilimtazama akipita ukumbini nikamwona ni mwanamke mzee, amejikunja kidogo, anatembea akishika ukuta, na mara moja nilitaka kumwamkia shikamoo. Nikafumba macho, nikafumbua, nikaona ni Shuwena. Nikarudi kwenye chakula changu.

Kwa nini sikuuliza? Hilo nimelizunguka mara nyingi. Nafikiri ni kwa sababu katika nyumba ile swali halikuwa na njia ya kupita. Kila nililotaka kujua kuhusu mke wangu nilimwuliza mtoto. Nilipotaka kujua kuhusu mtoto, sikuwa na wa kumtuma.

Alianguka mchana, siku ya Jumanne, akiwa njiani kutoka kwa mama yake kuja kwangu. Alikuwa katika hatua ya nne au ya tano.

"Baba, mama anasema," akaanza, na hakumaliza. Magoti yalimwisha nguvu kwanza, kisha kichwa, nikasikia kinavyogonga sakafu.

"Hafidhi!" Zeyana alipiga kelele.

Jina langu. Miaka saba sikuwa nimelisikia kwa sauti ile.

"Mshike kichwa," nikamwambia. "Usimnyanyue, mshike kichwa kwanza."

"Hana damu. Yuko baridi. Hafidhi, mbona yuko baridi hivi?"

"Lete shuka. Zeyana, lete shuka!"

Nikamwinua. Mikono yangu ilinipa jibu kabla sijaiuliza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyofundishwa. Kilo thelathini na moja. Msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu kama mama yake. Nilisimama nimembeba nikashindwa kupiga hatua. Sikulemewa. Uwepesi wake ndio ulionimaliza nguvu. Zeyana alikuwa amenishika kiwiko, tunaongea wote wawili kwa wakati mmoja, mpeleke kitandani, hapana tafuta gari, maji, fungua dirisha, na katikati ya maneno yetu Shuwena akafumbua macho. Alimtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akatabasamu.

Nilidhani anatabasamu kwa kuwa amezinduka.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa sauti. Dada yake Zeyana, Riziki, alikuja kutoka mtaa wa juu, akamkagua mtoto na kusema huyu amefungwa, kuna mtu ana mkono wake hapa. Tukaita mtu wa kusoma. Shuwena akanyweshwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, akafukizwa, akaulizwa jina la jini aliyemkalia. Alimjibu kwa adabu kwamba hajui. Mimi na Zeyana tulikaa bega kwa bega tukishauriana, tukipokezana kikombe, na nakiri, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Mtoto wangu alikuwa akiisha kitandani, nami nilikuwa na furaha kwa sababu mke wangu aliniuliza kama nimelala vizuri.

Kombe halikusaidia. Tukampeleka hospitali.

Hospitali iko juu ya kilima, na ngazi zake siku moja ni arobaini, siku nyingine ni mia na kitu. Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, akiitwa Nambua. Alimpima, akamtoa damu, akakaa naye faragha kwa muda mrefu, kisha akatuita.

"Ugonjwa huu una jina refu la kigeni," alisema. "Mimi nauita ugonjwa wa kujinyima. Si jini, na si kiburi cha ujana. Anaona chakula kama ninyi mnavyoona moto. Mkimwambia ale tu, mnamwambia atie mkono motoni tu."

"Tumemkosea nini?" Zeyana aliuliza.

"Sijasema mmemkosea. Mizizi yake ni mingi, mingine imo kwenye damu, siioni mimi wala ninyi. Nasema mtakapokwenda naye nyumbani, mlisheni pamoja. Kaeni naye wote wawili, sahani moja, neno moja. Asipate mwanya kati yenu."

Wiki tatu alikaa pale. Tukarudi naye, tukafanya tulivyoambiwa. Zeyana alikaa kulia kwake, mimi kushoto. Uji, nusu yai, ndizi iliyopondwa. Mlo mmoja ulichukua saa mbili. Alilia, alitema, aliapa, alitusihi kama mtu anayesihi wauaji wake, nasi tulitazamana juu ya kichwa chake na kusema, bado kidogo, bado kijiko kimoja. Siku moja Zeyana alimwagikiwa na uji mapajani, akaruka, nami nikacheka, na yeye akacheka. Meza ilikuwa imerudi kuwa fupi. Mwezi wa pili Shuwena aliongeza kilo mbili. Mwezi wa tatu akaongeza moja na nusu, rangi ikamrudi, akaomba kwenda shule.

Na sisi tukaanza kuchoka na kuongea.

Sijui nilieleze vipi ili lieleweke bila kutusingizia ubaya ambao hatukuwa nao. Hatari ilipopungua, lile neno la barazani lilirudi likakaa mahali pake. Nilimwona Zeyana akiliangalia. Majibu yake yakawa mafupi, yangu yakawa mafupi zaidi. Halafu mchana mmoja tu, bila ugomvi wowote, alisema:

"Shuwena, mwambie baba yako anisogezee maji."

Jagi lilikuwa mbele ya mkono wangu. Nililisikia ombi lote. Nikakaa kimya, nikangoja niletewe.

Shuwena aliweka kijiko chini. "Baba," alisema, "mama anaomba maji."

Wiki ile Zeyana alipofagia nyuma ya kabati alikuta vipande vya mkate vilivyofungwa kwenye karatasi za daftari, na nyama, na mayai yaliyoanza kunuka. Shuwena alikuwa amejifunza kutafuna mbele yetu na kumeza hewa. Sweta likarudi. Safari hii haikuchukua miezi kumi na moja, ilichukua wiki saba, au labda mji wetu ulikimbiza wiki kwa hasira. Alipoanguka mara ya pili hakufumbua macho akatabasamu. Moyo wake ulikuwa unapiga kama mtu anayebisha hodi kisha anasahau alichofuata.

Tulipanda ngazi za kilima. Sikuzihesabu.

Daktari Nambua hakutukaripia. Alipoona mtoto amepata nafuu ya kuweza kusema, siku ya tisa, aliweka viti vitatu kando ya kitanda, akaketi nasi, akamwambia, "Shuwena, yale uliyoniambia mimi, ungependa niwaambie, au utawaambia mwenyewe?"

Shuwena alikuwa ametazama dari. Kwenye mto ule alikuwa na miaka sita, alikuwa na miaka themanini. Midomo ilikuwa imepasuka. Alianza kusema, na alisema kwa vipande, akipumzika kila mahali pumzi ilipomwishia.

"Nilikuwa napunguza. Nyie hamjui. Baba akisema mwambie mama yako nyama ngumu kama kiatu, mimi nasema, mama, baba anasema asante, nyama nzuri. Mama akisema mwambie asinichafulie sakafu na miguu yake, nasema, baba, mama anauliza umechoka? Kila siku, mmoja wenu akiwa jikoni, mwingine barazani. Miaka yote. Hamkusikia hata siku moja mlichoambiana."

Akapumzika.

"Sasa yale niliyoyatoa, yale makali, nilikuwa nayapeleka wapi? Sikuwa na pa kuyatupa. Nilikuwa nayo. Nikikaa kula naona pamejaa."

Zeyana alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Halafu nikaanguka, na mkaongea. Niliwasikia. Sauti zenu zilikuwa pamoja, nilikuwa nimesahau zinavyokuwa pamoja. Nikasema, kumbe! Kumbe ni kazi rahisi hivi. Nisile tu." Akageuza kichwa akanitazama. "Nikapona, mkanyamaza. Mlitaka nifanye nini?"

"Shuwena," nikaanza.

"Sijamaliza, baba." Hakuwahi kunikatiza maishani. "Msidhani ni kwa ajili yenu tu. Naipenda. Daktari anajua. Kila kitu nilichonacho nimepewa na mmoja wenu nimpelekee mwenzake. Njaa ni yangu. Hakuna aliyenituma."

Baada ya hapo akafumba macho, na daktari akatuashiria tutoke.

Nje kuna ukumbi mrefu wenye madirisha upande mmoja. Jua lilikuwa limesimama tangu asubuhi, mwanga umelala sakafuni bila kusogea. Tulisimama mimi na mke wangu, na hapakuwa na mtu kati yetu. Niliona jinsi hewa ya kati yetu ilivyokuwa tupu, na jinsi nilivyokuwa sijui kuitumia.

"Siku ile barazani," nilisema, "nilikosa. Nilisema kwamba tutapumua. Mama yako alikuwa hajamaliza siku tatu. Nisamehe, Zeyana."

Alitazama mwanga ule sakafuni.

"Miaka saba nangojea neno hilo," alisema. "Nilikuwa nalipanga kichwani, utakavyolisema, nitakavyolia. Sasa nimelisikia, na halinifanyi kitu. Limefika limeoza."

"Najua."

"Hujui." Alinigeukia. Uso wake ulikuwa umezeeka tukiwa tumesimama hapo. "Asubuhi ile mama alipokata roho nilikuwa nimemshika mkono. Nilihisi unalegea. Na mimi nikapumua, Hafidhi. Kabla sijalia, nilipumua, kama mtu aliyetua mzigo. Nikajichukia. Halafu siku ya tatu nakuja na kahawa nakusikia unalisema lilelile, kwa sauti, mbele ya mtu, kama si kitu. Ningekusemeshaje? Ningekusamehe, ingebidi nijisamehe na mimi."

Nilimshika mkono. Hakuutoa. Wala hakunishika.

"Tumemlisha hayo," alisema, akitazama mlango. "Mimi hasira yangu, wewe kiburi chako. Kijiko kwa kijiko. Halafu tunashangaa hali wali."

Ndani ya mlango ule mashine ilikuwa inalia, polepole, kwa vipindi visivyolingana.

Shuwena hakufa. Naliandika wazi kwa sababu kuna watu mjini waliokwisha kumzika kwa midomo yao. Alikaa hospitali miezi minne. Moyo wake haukurudi ulivyokuwa, na daktari alisema hautarudi, kama vile mifupa yake haitarudi, mifupa ya bibi ndani ya mtoto wa shule. Siku ya kuruhusiwa tulikwenda wote wawili kumchukua. Zeyana alikuwa amefua shuka zake, ameweka maua ya asumini kwenye kikombe. Shuwena alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu tayari, na begi lake liko miguuni.

"Siji nyumbani," alisema. "Nitakaa kwa mama mdogo Riziki. Nimeshazungumza naye."

"Mwanangu," Zeyana alisema, "sisi sasa tunasema. Muulize baba yako."

Alipolisema hilo, sote watatu tulilisikia. Zeyana alishika kinywa. Shuwena hakukasirika, alionekana tu kuchoka sana.

"Mje kuniona," alisema. "Mmoja mmoja. Mama Jumapili, baba Jumatano, saa kumi, nikiwa nimeshakula. Asije mtu wakati wa kula. Na mkiwa na jambo lenu, limalizeni huko."

Nilitaka kusema mimi ni baba yake, kwamba binti wa miaka kumi na sita hapangi saa ya kuonwa na wazazi wake. Maneno yalifika kooni. Nilimtazama Daktari Nambua, ambaye alikuwa amesimama mlangoni ananitazama bila kunisaidia. Nikayameza. Nikabeba begi lake hadi kwa Riziki, mtaa wa juu, nikaliweka kizingitini, nikaondoka.

Basi hivyo ndivyo tunavyoishi. Mimi na Zeyana tuko katika nyumba ileile na tunasemeshana. Si mengi. Umekula, mvua inakuja, fundi amepita. Kuna siku tunapandishiana sauti, na ugomvi ule wa wazi unatuachia aibu na nafuu kwa pamoja, kama watu waliooga mbele za watu. Hatujawa mke na mume tena, lakini anayetaka chumvi anaiomba.

Jumatano iliyopita mji ulinichezea. Saa yangu ilisema kumi kasoro dakika tano, nikapanda mtaa wa juu, na nilipofika karibu na nyumba ya Riziki nikaona kivuli changu kifupi miguuni, nikajua ni mchana, saa ya chakula. Nilitaka kurudi. Lakini dirisha la jikoni linatazama njia, na lilikuwa wazi.

Alikuwa peke yake. Riziki hakuwepo. Mbele yake palikuwa na sahani ndogo, wali kidogo, mchicha, kipande cha samaki. Mikono yake ilikuwa imelala pande zote mbili za sahani. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akachukua kijiko, akakiweka. Akasimama, akaizunguka meza, akashika ukuta kwa viganja viwili kama anayeuzuia usianguke, akarudi kukaa. Akachota punje chache akatia kinywani, na machozi yakamtoka palepale, yakashuka bila sauti huku anatafuna. Alitafuna. Alitafuna mpaka nikahisi taya zangu zinauma. Akameza, na niliona shingo ile nyembamba ikimeza, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyevuka mahali ambapo hakutegemea kuvuka. Akapumzika. Akachukua kijiko tena.

Mlango haukuwa umefungwa. Ningesukuma tu. Ningekaa kushoto kwake, ningemwambia, bado kidogo, bado kijiko kimoja. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Nilitazama mkono ule, ambao kwa miaka mingi uligusa kila sahani katika mji huu na kuamua ipi ni ya kweli, nikauondoa. Nikashuka hadi kona ya chini, nikakaa juu ya jiwe, jua likiwa kichwani, nikangoja mpaka jua lilipoamua kusogea.

Nilipobisha, Shuwena ndiye aliyefungua. Alikuwa amenawa uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo." Hakunipisha. Alikuwa ameshika mlango, ananitazama. "Nilikuona dirishani."

Nikaitazama saa yangu.

"Nilidhani utaingia," alisema.

Nililisikiliza neno lile, nikaligeuza, nikatafuta kama ni shukrani au ni lawama. Sikulijua. Na hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

"Ulitaka niingie?"

Alifikiri. Alilifikiria kweli, macho yake yakitazama njia nyuma yangu, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halijawahi kuwa lake kulijibu.

"Leo, hapana," alisema.